Sajini Aliyeruka Yai

Asubuhi za Kisugu huanza na ukungu, na ndani ya ukungu huo Olal aliona barabara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kweli, udongo mwekundu unaoshuka kati ya lango la nyumba zao za kupanga na duka la Ogutu, Mkenya auzaye saruji, rangi na misumari. Ya pili ilikuwa nyeupe, ya vumbi na miiba, nayo ilikuwa Somalia, kwenye njia panda aliyoilinda mwaka mzima akiwa sajini wa jeshi la Uganda chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Barabara hizo mbili zilipitana bila ugomvi. Kondoo wenye vichwa vyeusi walikatiza katikati ya bodaboda, na hakuna bodaboda iliyowagonga. Juu ya mabati walisimama kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara ambao Kampala imewazoea kama wapangaji, na Olal alipowaona moyo wake ulitulia. Zamu ilikuwa na watu.

Kisha ile sauti ikaja, kama inavyokuja kila asubuhi. Sauti ya mwanamke, yenye mkwaruzo kidogo. "Afande, upo leo?"

"Nipo," akajibu Olal.

Alijibu kwa mdomo wake, si moyoni tu. Aciro mkewe, aliyekuwa akifunga mzigo wa sweta za shule za kupeleka Nakivubo, akainua kichwa.

"Leo tena," Aciro akasema. "Anayekuuliza ni nani?"

"Sharifah."

"Sharifah wa wapi?"

"Wa chai. Pale njia panda."

Aciro akaukandamiza mzigo kwa goti, akakaza kamba. "Sikia, Olal. Mimi niliolewa na mtu. Wiki ya tatu hii nalala na sare."

Hakukuwa na hasira katika neno hilo. Alilisema kama mtu anayekwambia mvua imeingia jikoni. Akajitwika mzigo, akatoka, na Olal akamwona akishuka ile barabara nyekundu na ile nyeupe kwa pamoja, mpaka akashindwa kujua mkewe anakwenda sokoni Nakivubo au anakwenda kisimani kwa Wasomali.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kikosi chake kilikuwa kinataka watu wa kurudi kule. Njia panda ile ilikuwa ikabidhiwe kwa askari wa nchi yenyewe, vijana wa Kisomali, na kapteni alitaka wanaoijua wakawafundishe kila jiwe na kila kichaka. Si amri, alisema kapteni kwenye simu, ni hiari. Jumatatu atapiga tena kuchukua jibu. Olal hakujua jibu lake, kwa sababu kila akijiuliza kama atarudi Somalia, alikuta mguu mmoja uko huko tayari, na mtu hawezi kurudi mahali ambapo hajatoka.

Alhamisi mama yake, Akot, akashuka kwenye basi la Gulu alikokwenda kumzika kaka yake. Alikuwa amekaa huko matanga yote, na hakuwepo mwanawe aliporudi kutoka vitani. Alimshika Olal mashavu kwa mikono miwili, akamnusa kama mtoto mchanga, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria.

"Nani alikukanyagisha yai?"

"Hakuna, Mama."

"Hakuna vipi?"

"Nilifika mchana. Wewe ulikuwa Gulu, Aciro yuko Nakivubo. Nilikuwa na ufunguo. Nikafungua, nikaingia."

Akot akakaa chini pale pale, kwenye ngazi. Mara mbili za kwanza aliporudi kutoka Somalia, yeye mwenyewe ndiye aliyempokea mwanawe langoni. Kwa Waacholi mtu aliyekaa mbali sana, na hasa aliyekaa kwenye bunduki, haingii nyumbani kama panya. Huwekewa yai mlangoni, juu ya tawi la opobo, mti wao wenye utelezi kama sabuni, pamoja na ufito wa kufungulia ghala la chakula. Hulikanyaga yai kwa mguu mtupu. Yai halina mdomo, halijasema uongo wala kutukana mtu, na likipasuka hubaki na kile alichokuja nacho. Ndipo mtu huyo anakuwa amefika.

"Kumbe ndiyo maana," Akot akasema. "Nimekushika uso nikadhani nashika picha. Wewe hujaingia, mwanangu. Umefungua mlango tu."

"Mama, nimelala humu wiki tatu."

"Hata kunguni analala humu. Toka nje."

Na sajini ambaye hakuwahi kurudi nyuma mbele ya bunduki alichukua blanketi, akatoka nje ya lango la mama yake. Ilibidi. Akot alimwambia maneno mengine yaliyomchoma. "Wanataka uende tena. Nenda, mimi si wa kumfunga mtu kamba. Lakini ukienda kabla hujarudi utakuwa mtu wa kwenda tu. Siku moja tutaletewa sanduku, tufungue, tukute hata ndani ya sanduku hujaja."

Yai haliwekwi na mwanamke peke yake ikiwa mwanamume wa ukoo yupo, na mwanamume wa ukoo alikuwepo: Saverio, mdogo wa marehemu baba yake, polisi mstaafu aliyehamia Bwaise. Akapigiwa simu. Akasema tawi la opobo litafika na basi kesho, na yeye atafika nalo. Lakini kesho mvua ikanyesha, na Bwaise mvua ikinyesha watu hupandisha magodoro juu ya meza na kungoja mtaro ukumbuke njia yake. Saverio akapiga simu kusema amekaa juu ya kabati kama kuku anayeatamia, wamngoje.

Basi Olal akangoja upande wa pili wa barabara, kwa Ogutu. Alilala stoo katikati ya mifuko ya saruji, na mchana alikaa kwenye kiti cha plastiki akilitazama lango la kwao. Mvua ikiisha mvuke uliinuka kwenye udongo, na ndani ya mvuke nyumba yao ilielea kama kitu kilichofungwa kwa uzi mwembamba. Aliona shati lake mwenyewe kwenye kamba ya nguo, likiwa limejaa upepo, likiinua mkono mmoja na kuushusha. Akafikiri: yule yuko ndani. Mimi ndiye niliyeachwa nje. Wazo hilo halikumtisha. Lilikuwa laini, lingeweza kumbeba.

"Afande," Ogutu akasema, akimpa kikombe, "umelinda geti la Wasomali mwaka mzima. Sasa geti la mama yako limekushinda."

"Limenishinda, jirani."

"Ninyi Waganda bwana."

"Mimi si Muganda. Mimi Mwacholi."

"Huku kwenye saruji wote ni Waganda." Ogutu akajikalisha juu ya ndoo ya rangi. "Lakini sisi nasi tuko vilevile. Kuna jamaa wa Bungoma, Nyongesa, polisi, tulisoma naye. Kenya ikampeleka Haiti. Haiti, Afande. Ukitupa jiwe kutoka Mombasa linapita bahari zote na bado halijafika. Ameenda kutuliza magenge ya watu ambao hata ugali hawaujui. Sasa amerudi, mkewe anasema anafukuza kuku kwa Kifaransa."

Olal alicheka. Kicheko kikatoka mbali, kikafika kimechoka.

"Lakini niambie kweli," Ogutu akasema. "Nani alituchagua? Wakubwa wa dunia wana ndege, wana meli, wana kila kitu. Wanatoa hela na ramani. Wadogo wanatoa nchi ya kupigania. Sisi tulio katikati, hatuna hela, hatuna ramani, tunatoa watoto. Hiyo ni biashara gani? Mimi nauza misumari, biashara naijua."

Olal alikuwa anasikiliza kengele za kondoo.

"Kulikuwa na mama pale," akasema mwishowe. "Huyo Sharifah. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Kenya, akajifunza Kiswahili. Kiswahili chake cha kambi ya wakimbizi, changu cha kambi ya jeshi, tunakutana katikati. Alikuwa na kibanda cha chai kwenye njia panda. Kila asubuhi, kabla hajafungua, anasimama ng'ambo ya barabara, ananiuliza, Afande, upo leo? Nikisema nipo, anafungua. Akifungua yeye, wa mkate anafungua. Wa mkate akifungua, watoto wanapita kwenda chuoni kusoma Kurani. Siku moja nilikuwa na homa, hakunikuta. Mji mzima ulikaa kimya mpaka jioni, kama mtu aliyezuia pumzi."

"Kwa hiyo wewe ndiye ulikuwa ufunguo."

"Sikuwa ufunguo. Nilikuwa mtu amesimama. Wakubwa hawawezi kusimama pale, wakisimama wanajifanya wenye shamba. Jirani wa Wasomali mwenye ugomvi nao wa mpaka naye akisimama, wenyeji wanahesabu kondoo wao kama wameona mwizi. Sisi tulitoka mbali kidogo, tena si mbali sana. Vita vya kwetu Gulu nilivikuta nikiwa mtoto. Nilijua mji unaozuia pumzi unavyokuwa."

Ogutu akakuna kidevu. "Na siku ya kuondoka ulimwambia nini?"

"Sikujua ni siku ya kuondoka. Aliniuliza, nikamwambia nipo. Saa nne lori likaja."

Mteja alikuja akanunua bawaba mbili, akaenda zake. Ogutu aliporudi kwenye ndoo yake hakulirudia swali la biashara, na Olal alishukuru, kwa sababu wakati huo Sharifah alikuwa amesimama ng'ambo, mbele ya lango la Akot kabisa, shungi lake la njano limejaa ukungu, anangoja.

Jumapili mchana jua likawaka, na Saverio akatokea. Suruali imekunjwa mpaka magotini, viatu vimefungwa shingoni kwa kamba zake, rozari mkononi kwa sababu alipitia misa. Kwapani alibana tawi la opobo lililoviringwa gazetini.

"Shemeji," akamwambia Akot, "nimekuja kwa maji na kwa nchi kavu. Mpeni mzee kiti kabla hajawa samaki."

"Kiti baadaye," Akot akasema. "Kazi kwanza."

Saverio akalitazama yai alilotafuta Aciro. "Hili ni la kuku wa kienyeji? Yale ya duka hayana jogoo. Huwezi kumkaribisha mtu kwa yai ambalo lenyewe halina baba."

"La kienyeji, Baba mdogo," Aciro akasema. "Nilimwona kuku mwenyewe. Nilimwona na jogoo."

"Hata mambo yao uliyachungulia?"

"Ulitaka shahidi, nimeleta shahidi."

Wapangaji wakatoka vyumbani. Saverio akalaza tawi langoni, akalipasua ncha ikawa kama panda, akaliweka yai katikati, na ule ufito kando yake. Olal akavua viatu. Akasimama barabarani, uso kwa nyumba. Ndani ya lango alimwona mama yake na mkewe, wamesimama bega kwa bega, nao walionekana wadogo na wazi sana, kama watu wanaoonekana chini ya maji yaliyotulia.

"Njoo," Saverio akasema. "Ya ulikotoka yabaki huko. Kanyaga uingie."

Olal akapiga hatua moja, na nyingine. Akaona kitu kimelala katikati ya njia. Kitu kidogo, cha mviringo, kimewekwa na mkono wa mtu, na udongo umeguswa pembeni yake. Mwili wake haukumuuliza. Mguu ulioinuka ulikataa kushuka. Akaruka. Aliliruka lile yai kwa mruko mrefu, akatua ndani ya lango kwa magoti, mikono kichwani, akingoja ardhi ifunguke.

Ardhi haikufunguka. Yai lilibaki zima nyuma yake.

Mtu mmoja alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake, akaacha. Kuliruka yai ni kusema nimekataa kuja. Hakuna Mwacholi pale aliyewahi kuliona likirukwa. Akot akajifunika mdomo kwa khanga.

"Ameliruka," Saverio akasema taratibu. "Nimeona watu wanalia mbele yake, nimeona wanalewa kabla yake. Kuliruka sijaona."

Aciro alikuwa akimtazama mumewe mikononi, jinsi vidole vilivyoshikamana nyuma ya kisogo, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alimwona mahali alipo.

"Kule mnakanyaga wapi?" akauliza.

Olal akainua uso. "Nini?"

"Kule barabarani. Mkikuta kitu mnafanyaje?"

"Hatukanyagi. Mwaka mzima hatukanyagi kitu kilichowekwa. Adabi alikanyaga kopo la maziwa." Hakueleza Adabi ni nani, wala hakuna aliyeuliza. "Tunalala chini. Tunachomachoma udongo pembeni, kidogo kidogo, mpaka ujue hakuna waya, hakuna kitu chini yake. Halafu unaweka alama nyeupe. Ndipo mtu anapita."

Aciro aliingia chumbani akatoka na sindano yake ya kufumia sweta, ile ndefu ya chuma. Akampa.

Olal akamtazama Saverio. Mzee akafikiri, akageuza rozari mara moja mkononi. "Wazee hawakukataza," akasema. "Wao hawakujua tu. Toka nje tena, uanze upya."

Akatoka. Akalala kifudifudi katika barabara ya Kisugu, mbele ya wapangaji na bodaboda mbili zilizosimama, akaanza kazi. Sindano iliingia udongoni kwa mshazari, ikatoka. Ikaingia, ikatoka. Alipumua pole pole. Jua lilimkaa mgongoni, na harufu ya udongo ulionyeshewa ilimpanda puani, na akatambua, kama mtu anayetambua jina la wimbo, kwamba udongo wa kule haunuki hivi. Ule ulinuka chumvi. Huu ulinuka mizizi. Kila sindano ilipozama aliiona barabara nyeupe ikififia kiasi cha unyayo, na ile nyekundu ikijaa mahali pake. Kondoo wa mwisho akapita, akageuka kumtazama, akawa mbuzi wa jirani.

"Chokaa," akasema bila kuinua kichwa.

Ogutu alikuwa ameshavuka barabara na kopo. Akachuchumaa, akanyunyiza pale alipoonyeshwa, kwa mkono mwepesi kama mtu anayetia chumvi. "Hii siitozi," akanong'ona. "Lakini usimwambie mama watoto."

Njia nyeupe, nyembamba, ikafika kwenye tawi. Olal akachunguza pande zote za yai. Akapitisha sindano chini ya tawi, akaisukuma mpaka kidole kikagusa udongo. Akakaa hivyo muda. Hakuna waya. Hakuna kitu. Lilikuwa yai.

"Safi," akasema.

"Safi," Saverio akajibu, kama anavyojibu misani.

Olal akasimama. Akafuata chokaa, hatua kwa hatua, na alipofika alishusha mguu wake mtupu kwa uzito wake wote. Ganda likavunjika kwa sauti ndogo. Uvuguvugu ukapanda katikati ya vidole. Akaingia.

Hakuna aliyepiga vigelegele mara moja. Walimwangalia kwanza. Akot akamshika mashavu, akamnusa tena, akaacha kichwa chake kiangukie kifuani kwa mwanawe. "Unanuka saruji," akasema, na ndipo wanawake wa kule nyuma wakapiga vigelegele.

Alikula wali na maharage, sahani mbili. Wakati Saverio akisimulia mafuriko ya Bwaise, Olal alisinzia na kijiko mkononi. Aciro akamwongoza kitandani, naye akalala jinsi jiwe linavyolala.

Alilala mpaka jua la Jumatatu likapanda juu ya mabati, na hakuna aliyemwuliza kama yupo. Simu ndiyo iliyomgusa, ikitetemeka mahali fulani juu kabisa, yeye akiwa chini ya maji mazito. Akasikia miguu ya Aciro. Akasikia simu ikichukuliwa.

"Ndiyo, Kapteni. Mimi mkewe."

Kimya.

"Amelala."

Kimya kirefu zaidi, na sauti ya mwanamume ndani yake, ndogo kama ya nyuki kwenye chupa.

"Siwezi kumwamsha, Afande. Amefika jana."

Nyuki akanguruma.

"Najua karatasi zinasema wiki tatu. Mimi nakwambia jana. Hawezi kwenda, ndiyo kwanza amefika." Akasikiliza, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sijui utampeleka nani, Afande. Atakuwa mtoto wa mtu."

Olal alijaribu kupanda. Maji yalikuwa mazito na mazuri, na ilimchukua nguvu zake zote kufungua mdomo. Mtu yeyote watakayempeleka, kijana wetu au kijana wa Kisomali mwenye njia panda yake, lazima aambiwe.

"Aciro," akaita.

Mkewe akasogea mlangoni, simu mkononi. "Wamekuamsha."

"Mwambie huyo atakayesimama pale, asingoje kuulizwa. Asubuhi aanze yeye. Avuke barabara, amsalimu mwenye chai."

Aciro akairudisha simu sikioni, akayatoa maneno yale yote kama alivyopewa, bila kupunguza wala kuongeza. Kisha akasema, "Andika, Afande, usije ukasahau." Olal hakusikia kapteni alijibu nini, maana alikuwa ameshageukia ukutani, mguu mmoja umetoka nje ya blanketi, ute wa yai umekauka kisiginoni.